Picha Tatu za Bi Kwanini

Jumapili, 11 Agosti

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Bwana asifiwe sana.

Kiatu kimefika Alhamisi, kimefungwa gazeti juu ya gazeti mpaka nikadhani umenitumia kabichi. Nimekivaa siku hiyo hiyo kwenda kazini, na mguu wangu wa kushoto, ule uliogoma kukua baada ya ugonjwa, umesimama sawa na mwenzake. Nina miaka thelathini na tisa sasa, na tangu nikiwa na tisa hujaniacha nichecheme hata siku moja. Mungu akuzidishie.

Sasa maswali, maana yasingekuwepo ungedhani barua si yangu. La kwanza: mshono wa ndani wa kiatu hiki umepinda. Hakuna atakayeuona ila mimi. Lakini viatu vyako vyote vya zamani ninavyo chini ya kitanda, nimevitoa nikavipanga sakafuni, na mishono yake imenyooka kama mistari ya daftari. Huu umepinda mara nne. Kwa nini? Umebadilisha uzi?

La pili ni refu kidogo. Unajua huku kwetu mashuka ya hospitali huletwa kufuliwa yakiwa mafungu, na ndani ya mafungu hutoka kila kitu: vijiko, miwani, safari moja hata meno ya bandia. Juzi imetoka jozi ya viatu vya kike. Nikavigeuza nitazame soli, si unanijua. Cha kulia kimelika kama kiatu cha mtu yeyote. Cha kushoto, kisigino ni kipya kabisa, kama kimetoka dukani jana, lakini mbele kwenye vidole soli imebaki nyembamba kama ganda la kitunguu. Mtu huyo anatembeaje? Wenzangu wameniambia nivitie kwenye boksi la vilivyopotea nirudi kwenye pasi. Nimevitia, kisha nikavitoa tena. Mpaka sasa viko mezani kwangu vinanitazama.

Kuhusu fomu ya chuo chenu cha ufundi wa viatu uliyonitumia mwezi uliopita, usiwe na wasiwasi. Nimeijaza yote, cheti cha daktari kimo, picha nimeibandika, na nimeshaiweka mahali pake. Sasa nangoja. Subira yavuta heri.

Mpwa wako,
Bi Kwanini


Jumamosi, 24 Agosti

Bi Kwanini, mpwa wangu,

Marahaba. Amina.

Mshono umepinda kwa sababu uzi ulikuwa mbovu. Tuendelee.

Swali la viatu ni rahisi. Mwenye navyo mguu wake wa kushoto ni mfupi, kama wewe, ila yeye hana mjomba. Kwa hiyo kisigino chake cha kushoto hakijawahi kugusa ardhi, anakwenda kwa vidole ili afikie pale ulipo mguu wa kulia. Na nakuhakikishia mgongo unamuuma, na watu wake wanadhani ni uzee. Mguu hauna adabu ya kuficha. Mdomo utakwambia sijambo, soli itakwambia habari kamili.

Ukimpata, usimpime miguu. Hapo ndipo wengi wanapokosea. Msimamishe, mwekee vitabu chini ya mguu mfupi kimoja kimoja, na wewe utazame kiunoni. Kiuno kikikaa sawa, hesabu unene wa vitabu. Hicho ndicho kimo cha soli anayokosa. Ulikuwa na miaka kumi ulipochukua kisu cha jikoni ukapasua kiatu nilichokutengenezea, eti ujue ndani kuna nini. Mama yako alitaka kukuchapa. Mimi nilikwambia, umekifungua, basi utakifunga mwenyewe, nikakupa sindano na gundi. Siku ile nilijua kitu fulani juu yako, lakini sikusema.

Sasa fomu. Huu ni mwaka wa tatu unaniambia umeiweka mahali pake, na miaka miwili iliyopita hukuitwa. Sijawahi kumuuliza karani wetu, kwa sababu nilijiapiza kwamba sitaingiza mkono wangu. Wanachukua wanafunzi watatu tu kwa mwaka, na sitaki aseme mtu kwamba Fundi Mkuu amempitisha mpwa wake mlango wa nyuma. Ila kumbuka sheria: aliyefikisha arobaini siku ya kufungua chuo hapokelewi. Chuo kinafunguliwa Machi, wewe unatimiza arobaini Aprili. Fomu zinapokelewa mpaka tarehe 31 Januari. Baada ya hapo hakuna tena.

Mjomba wako


Jumapili, 15 Septemba

Mjomba mpendwa,

Shikamoo.

Nimempata! Ni fundi wa mapazia, mama mnene mcheshi, alikuwa wodini kwa ajili ya mgongo. Mgongo, Mjomba, kama ulivyosema. Nilimpelekea viatu vyake wakati wa mapumziko yangu. Nikamwomba asimame, nikachukua majalada ya wagonjwa kwenye meza ya muuguzi, nikayapanga chini ya mguu wake nikiangalia kiuno. Majalada manne. Muuguzi aliporudi alinitazama kama mwizi wa kuku.

Nikakata kadibodi ya maboksi ya sabuni kwa umbo la mguu wake, nikazibandika moja juu ya nyingine, nyuma nene, mbele nyembamba, nikazifunika kwa kitambaa cha shuka kuukuu, nikazitia ndani ya kiatu. Kiatu kilimbana kidogo, tukalegeza kamba. Akatembea kutoka kitandani mpaka mlangoni, akarudi, akaenda tena. Safari ya tatu akaacha kushika vitanda. Akanirudia, akaketi kitandani, akakitazama kiatu. Kisha akaniuliza, "Kumbe wewe ni fundi?"

Nikamwambia hapana, mimi ni dobi. Sijui kwa nini jibu hilo liliniuma siku nzima, na mimi nafua na kunyoosha mashuka miaka kumi na sita bila kuona haya.

Jina lake nimeliandika kwenye karatasi nikalitia kwenye kisanduku cha sala kanisani kwetu. Unakikumbuka, kile cha mbao kando ya mimbari, chenye kufuli. Bado tunafanya vile vile: karatasi zinazotiwa mle hazisomwi na mtu yeyote, ni za Mungu peke yake, na Jumapili ya mwisho wa mwaka zinachomwa zote uani huku tukiimba.

Swali moja. Mbona siku hizi unaandika kwa herufi kubwa namna hii? Zamani ukurasa mmoja ulikutosha kunigombeza na ukabaki. Barua yako ya mwisho ina kurasa tano.

Fomu bado nangoja. Wakati wa Bwana ukifika, umefika.

Mpwa wako,
Bi Kwanini


Jumapili, 20 Oktoba

Mpwa wangu,

Majalada manne na kadibodi za sabuni. Nimewasomea wanafunzi wangu barua yako, au tuseme nimewasimulia. Mmoja akauliza huyo anasoma mwaka wa ngapi.

Hapo ndipo kiapo changu kilipovunjika. Nilikwenda kwa karani nikamuuliza fomu yako iko wapi. Akafungua kabati, akatafuta. Haipo. Nikamwambia atafute ya mwaka jana na ya mwaka juzi. Hazipo. Nikamwambia hilo haliwezekani, mpwa wangu hasemi uongo, fomu tatu hazipotei zenyewe. Akasema katika kabati lake haijapotea hata moja kwa miaka ishirini na miwili. Nikasema basi kuna mtu anazitupa, kwa sababu anajua ni za ndugu yangu. Nilisema hivyo mbele ya watu, mwanangu. Akavuta droo zote, akazimwaga sakafuni, akaniambia nipekue mwenyewe. Sikupekua, kwa sababu ambayo si lazima uijue.

Tangu siku hiyo hasemi nami. Tulikuwa tunakunywa chai pamoja kila saa nne, na yeye ndiye alikuwa ananisomea karatasi za vipimo, maana mwandiko wa madaktari unaujua. Sasa anaziacha mezani kwangu na kuondoka.

Lakini haki ni haki. Niambie ulizituma siku gani na kutoka posta ipi. Kama una risiti, nitumie.

Mjomba wako


Jumapili, 17 Novemba

Mpwa wangu,

Sijapata jibu. Labda barua imepotea, barua zako zina mkosi. Au unaumwa?

Nimemwandikia mkurugenzi. Kikao kitakuwa tarehe 8 Januari, na karani ataitwa kujieleza. Watu wananiambia nimekwenda mbali mno, kwamba mama huyu anaweza kuachishwa kazi. Mimi nakutetea wewe. Nitumie hizo tarehe.

Mjomba wako


Jumatatu, 30 Desemba

Mjomba,

Shikamoo. Nakuomba uketi kwanza.

Karani wenu hana kosa lolote. Fomu hazikupotea, wala hakuna aliyezitupa. Sikuwahi kuzituma.

Leo hii hii nimemwandikia mkurugenzi kumweleza hivyo, na nimemwandikia karani barua yake peke yake ya kumwomba msamaha. Zote tatu nimezipeleka posta mwenyewe na kuzisajili, ili zifike kabla ya kikao. Risiti ulizotaka ndizo hizi. Ni za kwanza kuwa nazo.

Barua zako za Oktoba na Novemba nilizipata. Nilizisoma mpaka zikachakaa kwenye mikunjo. Kila nilipokaa kukujibu nilijiambia niombe kwanza, na nikishaomba naona nimefanya kitu, basi nalala. Aibu hiyo haiingii kwenye bahasha; ningeweza, nayo ningeitia kwenye kile kisanduku cha sala.

Ndiko zilikokuwa fomu. Mwaka wa kwanza niliitia kwenye kisanduku cha sala kwa nia njema. Nilitaka ikae mbele za Mungu wiki moja, kisha nimwombe Mama Ufunguo anifungulie niichukue, niipeleke posta. Unamkumbuka, yule mzee wa kanisa anayeshika funguo zote mpaka ya choo. Wiki ikapita nikaona haya kumwomba. Mwaka ukaisha, ikachomwa pamoja na nyingine, nami nilikuwa nimesimama palepale naimba sauti ya pili. Nikasema, basi Mungu ameipokea, atajibu kwa namna yake. Nisipoitwa, hajataka. Mwaka wa pili nikafanya vivyo hivyo, safari hii bila kujidanganya kuhusu ile wiki moja. Na mwaka huu tena. Fomu kamili, Mjomba, yenye muhuri wa daktari na picha yangu.

Jana ilikuwa Jumapili ya kuchoma. Kabla ya ibada Mama Ufunguo aliniita kwenye chumba cha nyuma, kile chenye makoti ya kwaya. Alifunga mlango, akatoa bahasha mfukoni. Akasema yeye hasomi karatasi za watu, hajawahi, na hata kama angetaka hana miwani. Lakini anapozihamisha kwenye beseni mkono wake hugusa, na mwaka juzi uligusa kitu kigumu. Akakitazama, ni picha yangu. Akaona si vizuri kuichoma sura ya mtu, akaibandua, karatasi akaichoma. Mwaka jana akakuta nyingine. Na asubuhi ile amekuta ya tatu. Akazipanga mezani. Miaka thelathini na saba, thelathini na nane, thelathini na tisa. Blauzi ni ile ile. Ni mwanamke mmoja, amekaa wima, anaangalia mbele, anazeeka.

Nilitegemea anigombeze. Aliniuliza tu polepole, "Mwanangu, hii picha ulimpa Mungu ya nini? Yeye sura yako anaijua. Mwenye kuihitaji ni nani?"

Nikalia, nikamweleza yote. Akanisikiliza huku akikunja makoti ya kwaya. Kisha akasema jambo moja tu, kwamba Petro naye aliomba aitwe juu ya maji, akaitwa, lakini mguu wa kutoka nje ya mashua ilibidi auinue mwenyewe. Bwana hakumbeba.

Wewe unaniita Bi Kwanini. Nauliza kwa nini soli imelika, kwa nini mshono umepinda, kwa nini mtu anaandika kwa herufi kubwa. Kwa nini sikuiombea fomu ikiwa mkononi, kisha nikaitia posta? Hilo ndilo swali pekee sikuwahi kujiuliza, na nadhani ni kwa sababu jibu nilikuwa nalo. Fomu nikiituma kwenu, siku moja bahasha itarudi na ndani yake kuna neno, na neno hilo linaweza kuwa hapana. Nikiitia kisandukuni, hairudi. Hakuna aliyewahi kuniambia hapana kutoka mbinguni. Kwa hiyo nilikuwa na ndoto yangu salama, nimeifungia kwa kufuli la kanisa, na woga nikaupa jina la subira. Na wakati mimi nasubiri, mtu asiye na hatia amemwaga droo zake sakafuni.

Nimemwomba Mungu anisamehe. Nakuomba na wewe. Ukikataa nitaelewa.

Nimemwomba karani anitumie fomu mpya, kwa anwani yangu, kwa jina langu. Wewe usiniombee kwake. Nikikataliwa, nataka niwe nimekataliwa kweli.

Mpwa wako


Alhamisi, 9 Januari

Mpwa wangu,

Nimesomewa barua yako mara mbili.

Mara ya kwanza nilikasirika mpaka nikatoka nje kuzunguka jengo. Mimi mzee wa miaka sitini na sita nimemdhalilisha mama wa watu kwa ajili yako, na wewe umekaa na ukweli miezi miwili. Nitalisema hili mara moja tu: ulinikosea sana. Sasa nimelisema, limekwisha. Nimekusamehe.

Mara ya pili niliyaona yangu.

Ulitaka kujua kwa nini mshono umepinda. Uzi haukuwa mbovu. Macho yangu yana ukungu, mwaka wa tatu sasa. Daktari alisema ni mtoto wa jicho, ugonjwa unaotibika, nikamwambia nitafikiria. Nikawa naandika kwa herufi kubwa, nashona kwa kupapasa, na vipimo nasomewa na karani. Yeye alijua, na hakumwambia mtu. Ndiyo maana sikupekua zile droo: nisingeona kitu. Mtu aliyekuwa macho yangu ndiye niliyemtuhumu.

Na kuna zaidi. Miaka hiyo mitatu nilikuwa namwomba Mungu akulete uje uchukue meza yangu kabla sijashindwa kabisa. Kila asubuhi, magoti sakafuni. Unajua wewe sikukuambia hata mstari mmoja? Fomu nilikutumia kama mtu anayetuma kalenda. Nilijiambia sitaki kukulazimisha. Uongo. Niliogopa ungesema hapana, ungesema wewe na udobi wako mmezoeana. Basi tulikuwa wawili, kila mmoja na kisanduku chake, tunamsubiri Mungu abebe barua ambayo hatukuitia stempu.

Nimekuwa nikimfikiria yule mgonjwa wa birikani katika Injili, aliyeugua miaka thelathini na minane akingoja mtu wa kumtia majini. Siku zote nilipomsoma nilimhurumia. Sasa naona Bwana hakumwonea huruma tu, alimuuliza kwanza kama anataka kupona. Kisha akamwambia ainuke, na mkeka wake aubebe mwenyewe. Mimi mkeka wangu nilikuwa nimeuzoea, nimeujua hata unapotoboka.

Jana kikaoni nilisimama kabla mkurugenzi hajafungua mdomo, nikamwomba karani radhi mbele ya wale wale niliomtukana mbele yao, na habari za macho nikazisema zote. Karani aliniacha nimalize. Kisha akasema chai ya saa nne leo nitachemsha mimi, na kesho, mpaka yeye aseme basi. Macho nitapasuliwa baada ya mtihani wenu waombaji wa kuingia chuoni, mwezi Februari. Yeye ndiye atakayenisindikiza.

Kuhusu fomu, siulizi, sisemi, siingizi mkono. Kwenye mtihani sitakuwa kwenye meza ya wasahihishaji, nimeomba mwenyewe nitolewe. Na kiatu chako kijacho sitakitengeneza. Nimeamua. Ama utajifunza kukitengeneza, ama utachechema.

Mjomba wako anayekupenda


Jumatatu, 17 Februari

Kwa mwombaji,

Fomu yako ilipokelewa tarehe 27 Januari, saa tatu na nusu asubuhi, kwa mkono. Ilikuwa na cheti na picha moja. Ulisubiri nikiigonga muhuri, ukauliza maswali sita, likiwemo kwa nini muhuri wetu unapigwa kushoto. Sijui kwa nini. Nitafuatilia.

Matokeo ya mtihani wa tarehe 10 Februari ni haya. Hesabu za vipimo: hafifu. Kuchora: wastani. Kueleza mwendo wa mtu kwa kutazama soli za viatu vyake: wasahihishaji waliandika kwamba ulieleza mambo matatu ambayo wao wenyewe hawakuyaona, na mwenye viatu, ambaye ni mlinzi wetu wa getini, alipoitwa alikiri yote matatu.

Umepokelewa. Wewe ni wa tatu kati ya watatu. Ufike tarehe 3 Machi kabla ya saa mbili asubuhi ukiwa na aproni, daftari la mistari, na kisu chenye makali. Uje pia na kiatu chako cha kushoto cha zamani kabisa. Somo la kwanza la mwalimu wako ni kukifungua.

Kwa kumbukumbu, kabati langu bado halijapoteza fomu.

Barua yako ya Desemba niliipata. Nimeielewa. Mimi pia nina karatasi moja ambayo nimekuwa nayo kwenye droo ya chini kwa muda mrefu kuliko zako. Nimeitoa wiki hii.

Karani wa Chuo


Jumapili, 23 Februari

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Najua macho yako bado yamefungwa na anayekusomea hapa ni karani, kwa hiyo namsalimu yeye kwanza, na samahani tena, na ni karatasi gani hiyo ya droo ya chini? Hawezi kuandika hivyo kisha akanyamaza. Nitamuuliza nikifika.

Kazini wameniaga kwa maneno mazuri, na kwa utani kwamba sasa angalau mashuka yatanyooshwa na mtu anayeangalia mashuka. Yule fundi wa mapazia alikuja kunisalimia akitembea wima. Kadibodi zangu zimeanza kulegea, nimemwonyesha namna ya kuzibadilisha. Ananiuliza lini nitamtengenezea kiatu chenyewe. Nikamwambia aandike barua, aje achukue namba kama wengine. Lakini nimeandika kipimo chake kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la mistari.

Naogopa, Mjomba, nisikufiche. Hesabu zimenishinda tangu shule, na darasani nitakuwa mama wa watu katikati ya vijana. Naogopa sana, lakini begi limeshafungwa.

Ndani ya bahasha hii kuna picha mbili. Karani anajua ya thelathini na tisa iko wapi, maana aliipiga muhuri hadi sikioni. Hizi ni za thelathini na saba na thelathini na nane. Macho yakifunguliwa zitundike juu ya meza ya kazi, na siku nitakayosema nangoja kwanza, nionyeshe.

Leo baada ya ibada niliandika karatasi nikaenda kuitia kwenye kisanduku. Mama Ufunguo alikuwa amesimama palepale na funguo zake, akaninyooshea mkono. Nikampa. Hakuifungua, hajawahi kufungua ya mtu. Aliipapasa tu mbele na nyuma, kwa kidole gumba, pembe zote nne.

"Safari hii haina picha," nikamwambia. "Ni asante tu."

Akaitia mwenyewe.

Mpwa wako, na mwanafunzi wako,
Bi Kwanini